Unataka kupima uzito wa nyota? Anza na daftari za marehemu

Panda juu ya paa la gorofa lenu mwezi wa Mei au Juni, kama saa tatu usiku, kisha uangalie upande wa kusini. Ikiwa hakuna mawingu, utaona nyota mbili kali zimekaa jirani, kama theluthi moja ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Ya kulia ni Beta Centauri. Ya kushoto, inayong'aa zaidi na yenye umanjano kidogo, ni Alpha Centauri. Ukizifuata kuelekea kulia utagonga nyota nne za Msalaba wa Kusini.

Sasa itazame vizuri hiyo ya kushoto. Ni ya tatu kwa mwangaza angani usiku, na iko umbali wa miaka 4.4 hivi ya mwanga. Jicho lako linakuambia ni nyota moja. Darubini ndogo tu itakuambia ni mbili, zinazozungukana, na mzunguko mmoja huzichukua karibu miaka 80.

Kuna jambo jingine tunalojua kuzihusu ambalo linafaa kukushangaza. Ile kubwa, inayoitwa A, ina uzito unaozidi wa Jua letu kwa asilimia 8 hivi. Mwenzake, B, ana asilimia 91 ya uzito wa Jua. Hakuna mtu aliyewahi kufika huko. Hakuna mizani. Na mzunguko mmoja unakaribia kumaliza maisha ya binadamu mzima. Basi nani alipima, na alipima na nini?

Jibu fupi ni kwamba ilipimwa na watu wengi, wengi wao wakiwa wameshaaga dunia, kwa kuandika namba mbili na tarehe. Jibu refu ndilo stori ya leo, na usijali kama hesabu ilikutoa jasho shuleni. Tutaenda polepole.

Pacha wa kweli na majirani wa kusingiziwa

Si kila nyota mbili zilizokaribiana ni pacha. Fikiria ukiwa kwenye barabara kuu usiku, unaona taa mbili za magari zikiwa bega kwa bega. Moja inaweza kuwa bodaboda iliyo mita 50 kutoka ulipo, na nyingine lori lililo kilomita moja nyuma yake. Ukiziangalia kutoka ulikosimama zinaonekana pamoja, ilhali hazijuani kabisa.

Wataalamu wengi wa karne ya 18 waliamini nyota zote za kukaribiana ni za aina hiyo. Mwingereza John Michell alikuwa ameonya mwaka 1767 kwamba zipo nyingi mno kuwa bahati tu, lakini hakuwa na vipimo vya kumaliza ubishi.

Mtu aliyeumaliza hakuwa akiutafuta. William Herschel alikuwa mwanamuziki mjini Bath, Uingereza, aliyejitengenezea darubini mwenyewe. Mwaka 1779 alianza kusaka nyota za namna hii akitumaini kuzitumia kupima umbali: kama moja iko karibu na nyingine iko mbali, ile ya karibu ingeonekana ikiyumba kidogo Dunia inapolizunguka Jua. Mwaka 1782 akatoa orodha ya kwanza ya nyota 269 za aina hiyo. Dadake, Caroline, ndiye aliyekuwa akiandika mengi ya yale kaka alisema akiwa kwenye darubini.

Baada ya zaidi ya miaka 20 Herschel alirudi kwenye nyota zake na kuzipima tena. Baadhi zilikuwa zimesogea, na si kwa kuyumba kule alikotarajia. Moja ilikuwa imeizunguka jirani yake sehemu ya njia. Mwaka 1803 alitangaza kwamba Castor na nyingine kadhaa ni pacha wa kweli, zimeshikana kwa nguvu za mvutano.

Angalia alivyopata uhakika kuhusu Castor. Vipimo vyake mwenyewe vilikuwa vya miaka ishirini na kidogo. Lakini James Bradley, aliyekufa mwaka 1762, alikuwa ameacha maelezo ya mwaka 1759 kuhusu upande ambao pacha hao walikuwa wamelalia. Ni kumbukumbu ndogo tu, lakini ilirefusha rekodi ya Herschel hadi zaidi ya miaka 43. Bradley hakujua alikuwa anamsaidia nani.

Namba mbili na tarehe

Sasa tuingie jikoni. Kipimo cha nyota pacha kina vitu vitatu pekee.

Cha kwanza ni pembe. Weka nyota angavu zaidi katikati, halafu uliza: mwenzake yuko upande gani? Unaanza kuhesabu kutoka kaskazini ukielekea mashariki, kuanzia digrii 0 hadi 360. Akiwa mashariki kamili, ni digrii 90. Akiwa kusini, ni 180.

Cha pili ni umbali kati yao jinsi unavyoonekana angani. Huu hupimwa kwa sekunde za digrii. Digrii moja ina sekunde 3,600. Ukitaka kujua sekunde moja ni ndogo kiasi gani, chukua sarafu ya shilingi moja, mpe rafiki yako asimame nayo umbali wa kilomita 5, kisha ujaribu kuiona. Upana wa hiyo sarafu ndio sekunde moja. Alpha Centauri A na B huachana kwa sekunde 22 zikiwa mbali kabisa, na kwa karibu sekunde 2 zikionekana kubanana zaidi.

Cha tatu ni tarehe, kwa sababu kipimo bila tarehe hakina kazi.

Watu wa zamani walipima haya kwa kifaa kilichofungwa kwenye darubini, chenye nyuzi nyembamba mno. Nyingi za nyuzi hizo zilikuwa za buibui, kwa kuwa ni vigumu kupata uzi mwembamba na ulionyooka kuliko huo. Mpimaji alizungusha skrubu hadi uzi mmoja ukakaa juu ya nyota hii na mwingine juu ya nyota ile, kisha akasoma mizunguko ya skrubu. Usiku, kwenye baridi, akitumia jicho lake moja. Aliandika, akafunga daftari, akaenda kulala. Kesho yake alianza tena.

Kijana aliyegeuza namba kuwa njia

Mwaka 1827 Mfaransa Félix Savary, aliyekuwa na umri wa karibu miaka 30, alichukua vipimo vya nyota pacha iitwayo Xi Ursae Majoris. Herschel alikuwa ameigundua mwaka 1780, na kufikia wakati wa Savary ilikuwa imeshasafiri sehemu kubwa ya mzunguko wake. Savary akajiuliza: je, sheria za Newton na Kepler zinazoelezea sayari zetu zinaweza kuelezea hizi nyota pia?

Zikaelezea. Alipata mzunguko wa karibu miaka 60, na hesabu za leo ziko pale pale karibu na 60. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kuchora mzingo, yaani njia kamili ya mzunguko, wa nyota pacha. Kumbe nguvu inayoangusha embe kutoka mtini ndiyo hiyo hiyo inayotawala huko mbali. Kabla ya hapo watu walidhania tu.

Alivyofanya unaweza kuelewa ukiwa na sahani.

Sahani iliyoinamishwa

Chukua vipimo vyote ulivyonavyo na uviweke kwenye karatasi ya miraba. Nyota angavu unaiweka katikati. Kila kipimo kinakuwa nukta: pembe inakuambia uelekee wapi, umbali unakuambia uende hadi wapi. Ukiwa na vipimo vya kutosha, nukta zitaanza kujipanga kama yai lililolazwa. Umbo hilo linaitwa duaradufu.

Lakini hiyo si njia yenyewe. Ni kivuli chake. Shika sahani ya mviringo mbele yako ikikutazama moja kwa moja: unaona duara. Iinamishe kidogo: sasa unaona duaradufu. Iinamishe kabisa: unaona mstari. Mizingo ya nyota imeinama kila mtindo, na sisi hatuwezi kuzunguka kwenda kuiangalia kwa juu. Ule wa Alpha Centauri umeinama digrii 79, kumaanisha tunautazama karibu kwa ubavu.

Utajuaje basi umeinama kiasi gani? Hapa ndipo utamu ulipo. Kepler alituachia sheria mbili za kutumia kama nyenzo.

Sheria ya kwanza inasema kwamba katika njia halisi, nyota kuu haikai katikati ya duaradufu. Inakaa kwenye kitovu, ambacho kiko upande mmoja. Kwenye karatasi yako, tafuta katikati ya duaradufu uliyoichora. Chora mstari kutoka hapo, upite kwenye nyota kuu, hadi ugonge ukingo. Ukingo huo ndio mahali ambapo nyota hizo mbili hukaribiana zaidi katika uhalisia. Pima kutoka katikati hadi nyota kuu, gawanya kwa urefu wa mstari wote hadi ukingoni. Namba hiyo inakuambia duaradufu halisi imebanwa kiasi gani. Na inafanya kazi hata kama sahani imeinama, kwa sababu kuinamisha sahani kunafupisha mstari wote kwa kiwango kimoja. Uwiano haubadiliki. Kwa Alpha Centauri utapata karibu 0.52, yaani nyota kuu imekaa zaidi kidogo ya nusu ya njia kutoka katikati kuelekea ukingoni.

Sheria ya pili inasema mstari unaounganisha nyota hizo mbili hufagia maeneo sawa kwa muda sawa. Zikiwa karibu hukimbia, zikiwa mbali hutambaa. Hii ndiyo polisi wako. Hesabu miraba iliyofagiwa kati ya mwaka 1830 na 1840, kisha kati ya 1840 na 1850. Ikitofautiana, umechora vibaya, au kipimo fulani kina walakini. Umbali ukipungua kwa nusu, pembe inapaswa kubadilika kwa kasi mara nne. Kama haifanyi hivyo, rudi kwenye karatasi.

Ukimaliza unakuwa na namba saba. Mbili zinaelezea wakati: mzunguko unachukua miaka mingapi, na ni mwaka gani nyota zinakaribiana zaidi. Mbili zinaelezea umbo: ukubwa na kubanwa. Tatu za mwisho zinaelezea jinsi sahani ilivyoinama na kugeuka. Kutoka hapo unaweza kutabiri nyota itakuwa wapi miaka 50 ijayo, na kuuliza ilikuwa wapi miaka 300 iliyopita.

Kipande kifupi cha njia

Mpaka hapo mambo ni rahisi, si ndiyo? Tatizo linakuja ukiwa na kipande tu cha njia.

Hebu chora tao fupi kwenye karatasi, urefu wa kidole. Mwambie rafiki yako akamilishe duaradufu. Mpe mwingine tao hilo hilo. Kila mmoja atatoa yai la ukubwa wake, na yote yatapita kwenye tao lako vizuri kabisa. Nani yuko sahihi? Huwezi kujua.

Hilo ndilo lililomkuta Herschel na Castor. Kwa kutumia ile miaka 43 alikadiria mzunguko wa miaka 342. Leo, tukiwa na vipimo vya zaidi ya karne mbili baada yake, tunakadiria karibu miaka 460. Mtu makini, mwenye darubini bora za wakati wake, alikosea kwa zaidi ya karne nzima, kwa sababu tu nyota ilikuwa haijatembea vya kutosha.

Hakuna programu ya kompyuta inayoweza kuondoa tatizo hilo. Kompyuta itakupa duaradufu kwa sekunde moja, yenye desimali nyingi za kupendeza, na bado iwe ya uongo. Kinachosaidia ni kipimo kingine, cha miaka mingi kabla au miaka mingi baadaye. Cha baadaye unaweza kukisubiri. Cha kabla ama kipo kwenye daftari la mtu, ama hakipo milele.

Daftari zinapotoa siri, na zinapodanganya

Mwaka 1844 Mjerumani Friedrich Bessel alikuwa amekusanya vipimo vya nafasi ya Sirius, nyota angavu kuliko zote usiku, vya miongo mingi. Sirius ilikuwa inatembea kwa kuyumbayumba, kama mtu anayevutwa na mbwa asiyeonekana. Bessel akasema kuna mwenzake pale, tusiyemwona. Alikufa mwaka 1846 bila kumwona. Tarehe 31 Januari 1862, Mmarekani Alvan Graham Clark alikuwa anajaribu lenzi mpya, akaona nukta hafifu kando ya Sirius. Alikuwa yeye. Mzunguko wao ni wa miaka 50, na leo tunajua kwamba huyo mwenza ana uzito kama wa Jua uliobanwa ndani ya mpira wenye ukubwa wa Dunia hivi.

Stori nzuri. Sasa sikiliza nyingine.

Mwaka 1855 W. S. Jacob, aliyeongoza kituo cha kutazama nyota cha Madras, India, alisoma vipimo vya pacha wanaoitwa 70 Ophiuchi. Havikukubali kukaa kwenye duaradufu. Akasema huenda kuna sayari inayowavuta. Miaka ya 1890, Mmarekani T. J. J. See akarudia dai kama hilo kwa sauti kubwa zaidi. Mwaka 1899 mwenzake Forest Moulton akaonyesha kwa hesabu kwamba mpangilio aliousema See hauwezi kudumu, ungesambaratika. Sayari hiyo haijaonekana hadi leo.

Mbinu ilikuwa ile ile. Tofauti ni kwamba kwa 70 Ophiuchi, kilichoyumba kilikuwa vipimo vyenyewe. Ndiyo maana mtu anayefanya kazi hii leo hachukui namba za zamani zilivyo. Anazichunguza kama hakimu anavyomchunguza shahidi.

Anauliza, kwanza, kaskazini ya wakati huo ilikuwa wapi? Mhimili wa Dunia unayumba polepole kama pia inayozunguka, mzunguko mmoja kwa miaka 26,000 hivi. Kwa hiyo kaskazini ya mwaka 1780 si kaskazini ya leo, na pembe ya zamani lazima irekebishwe. Pili, je, mpimaji alichanganya nyota? Pacha wakilingana mwangaza, ni rahisi kumwita huyu A leo na kesho ukamwita B, na pembe ikaruka digrii 180. Tatu, mtu huyu alikuwa na tabia gani? Kuna wapimaji waliozoea kutoa umbali mkubwa kidogo kila mara, na tabia hiyo inaweza kugunduliwa ukilinganisha mamia ya vipimo vyao na vya wengine. Baada ya hapo kila kipimo kinapewa uzito wake katika hesabu. Cha mtu makini kinasikizwa zaidi. Cha mtu wa haraka haraka kinasikizwa kidogo, lakini hakitupwi.

Hesabu ya Alpha Centauri, mpaka mwisho

Turudi kwa nyota yetu ya kule kusini. Mtu wa kwanza kuandika kwamba ni mbili alikuwa kasisi Mfaransa, Jean Richaud, akiwa Pondicherry, India, Desemba 1689. Alikuwa anatazama kimondo chenye mkia kilichopita karibu na hapo. Miaka ya 1750 Mfaransa mwingine, Nicolas-Louis de Lacaille, alizipima akiwa Cape, Afrika Kusini. Miaka ya 1830 John Herschel, mwanawe William, alihamia Cape na familia yake na kupima anga ya kusini kwa miaka minne. Tangu Richaud, nyota hizo zimezungukana zaidi ya mara nne. Ndiyo maana mzingo wake tunauamini.

Huko huko Cape, Mskoti Thomas Henderson alipima jinsi Alpha Centauri inavyoyumba Dunia inapolizunguka Jua. Ni kama kushika kidole mbele ya uso na kufumba jicho moja kisha jingine: kidole kinaruka. Kuruka huko, kunakoitwa paralaksi, leo kunajulikana kuwa sekunde 0.75.

Toa simu yako, fungua kikokotoo, tufanye pamoja.

Nusu ya urefu wa duaradufu halisi ni sekunde 17.5. Gawanya kwa 0.75. Unapata 23.3. Hiyo ina maana kwamba nyota hizo kwa wastani ziko mbali mara 23.3 ya umbali wa Dunia na Jua.

Zidisha 23.3 kwa yenyewe mara tatu: 23.3 × 23.3 × 23.3. Unapata karibu 12,649.

Mzunguko ni miaka 79.8. Zidisha kwa yenyewe: karibu 6,368.

Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Kikokotoo kinasema 1.99.

Basi, umemaliza. Umepima uzito wa nyota mbili kwa pamoja: karibu Jua mbili. Ili kugawa nani ana ngapi, unatazama kila moja inayumba kiasi gani, kama watoto wawili kwenye bembea ya ubao. Mzito hukaa karibu na katikati, mwepesi huzunguka mbali zaidi. Ndipo unapata 1.08 na 0.91.

Uzito ukiujua, mengi yanafunguka. Uzito ndio unaoamua nyota itaishi miaka mingapi, itakuwa na joto kiasi gani, na itakufa vipi. Sisi Wakenya tuna mfano wetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kusherehekea uhuru, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi. Ikapewa jina Uhuru. Ilitazama miale ya eksirei kutoka angani, na ikasaidia kuvuta macho kwenye kitu kinachoitwa Cygnus X-1. Wataalamu walipopima nyota iliyo kando yake, wakakuta inazunguka kila siku 5.6 pamoja na kitu kisichoonekana, kizito kupita kiasi. Mzingo huo ulisomwa kwenye mwanga wa nyota, bila daftari za karne, lakini hoja ni ile ile: uzito unajulikana kwa mzunguko. Hilo likawa shimo jeusi la kwanza kukubalika na wengi. Leo uzito wake unakadiriwa kuwa karibu mara 21 ya Jua.

Waliofanya kazi hii hawakuwa miungu

Huenda unawaza kwamba haya ni mambo ya maprofesa. Sikiliza basi. S. W. Burnham alikuwa mwandishi wa mahakamani Chicago. Mchana aliandika ushahidi wa kesi, usiku alitafuta nyota pacha kwa darubini yenye lenzi ya inchi 6. Aligundua zaidi ya 1,000, na mwaka 1906 akatoa katalogi yenye nyota pacha 13,665.

Robert Innes aliacha shule akiwa na miaka 12. Alikuwa mfanyabiashara wa mvinyo Sydney, Australia, akijifunza nyota mwenyewe. Mwaka 1896 alipata kazi ya ofisini kwenye kituo cha Cape, kisha mwaka 1903 akapewa kuongoza kituo kipya cha Johannesburg. Mwaka 1915 aligundua Proxima Centauri, ndugu wa tatu wa Alpha Centauri na nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya Jua. Jina lake bado linatumika kila siku katika hesabu za mizingo, pamoja na la Thiele wa Denmark, kwa namba maalum zinazorahisisha kazi ya kuinamisha ile sahani.

Johannesburg ikawa makao makuu ya nyota pacha za anga ya kusini kwa miongo kadhaa. Kisha mwaka 1971 kituo hicho kikafungwa. Nyota hazikusimama kuwasubiri. Pacha wengi wa kusini wana vipimo vichache kuliko wenzao wa kaskazini, na miaka iliyoruka bila kipimo haiwezi kurudishwa hata ukiwa na pesa zote duniani.

Utauliza, si kuna setilaiti? Ipo, au ilikuwepo. Gaia ya Ulaya ilipima nyota zaidi ya bilioni moja kwa usahihi wa ajabu, kuanzia 2014 hadi mwanzoni mwa 2025. Lakini hiyo ni miaka 10 na kidogo. Kwa pacha wa miaka 460, ni tao fupi kuliko kucha ya kidole. Ndiyo maana vipimo vya Gaia huunganishwa na vile vya nyuzi za buibui.

Wewe unaingia wapi

Katalogi ya Washington ya nyota pacha, inayotunzwa na kituo cha jeshi la wanamaji la Marekani, ina zaidi ya pacha 150,000. Wenye mizingo iliyokokotolewa ni elfu chache tu, na mizingo hiyo imepewa alama kutoka 1 ya kuaminika hadi 5 ya kubahatisha. Kazi iliyobaki ni nyingi kuliko watu.

Ukitaka kuanza bila shilingi, anza na hesabu. Katalogi hiyo iko mtandaoni bure. Katalogi ya Burnham imeskaniwa na iko bure pia. Chagua pacha mmoja mwenye mzunguko mfupi, kama Xi Ursae Majoris au 70 Ophiuchi. Kusanya vipimo vyake, weka kwenye jedwali la kompyuta, chora nukta. Jaribu ile mbinu ya kutafuta katikati. Utatumia bando kidogo na wikendi moja.

Ukipata darubini ndogo yenye kamera, unaweza kupima mwenyewe. Hapa nchini kikundi cha The Travelling Telescope, kilichoanzishwa na Susan Murabana na Chu Owen, kimekuwa kikiwapa vijana nafasi ya kuchungulia. Kuna jarida la kisayansi la vipimo vya nyota pacha, Journal of Double Star Observations, ambalo huchapisha kazi za wanafunzi, wakiwemo wa sekondari. Wengine hutumia darubini za mbali zinazoendeshwa kwa intaneti, zikiwemo zilizo Sutherland, Afrika Kusini.

Na sisi tuna bahati ambayo London na Chicago hazina. Tukiwa hapa kwenye ikweta, katika mwaka mmoja tunaona karibu anga yote. Castor ya kaskazini na Alpha Centauri ya kusini zote ni zetu. Anayeishi London hajawahi kuiona Alpha Centauri kutoka nyumbani kwake. Nairobi ina mataa mengi na mwezi wa Julai ni mawingu matupu, kweli, lakini nyota hii inapenya mataa, na ukienda ushago Kitui au Turkana utaona tofauti.

Mwaka 2035, Alpha Centauri A na B zitapita mahali pa kukaribiana zaidi katika njia yao, umbali kama mara 11 ya Dunia na Jua. Mara ya mwisho ilikuwa 1955, wakati nyanya zetu wakiwa wasichana. Miaka miwili mitatu baada ya hapo zitaonekana kubanana hadi karibu sekunde 2, na pembe yake itakuwa ikibadilika kwa kasi. Mara nyingine baada ya hiyo ni karibu mwaka 2115, na wengi wetu tunaosoma hii makala hatutakuwepo. Atakayekuwepo atahitaji namba mbili na tarehe zilizoandikwa na mtu.